Mapipa Bungeni

Huenda hujapata kufika katika Jamhuri ya Nderemo, msomaji, na wala si kosa lako. Wanaokwenda huko hurudi viganja vimewavimba kwa kupiga makofi, kwa hiyo hawaandiki barua. Lakini nchi ipo mahali pake. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi, ina Katiba yenye jalada la ngozi, na juu ya yote hayo ina Wizara ya Saini.

Kazi ya Wizara ya Saini ni kusafiri ng'ambo na kutia saini mikataba ya kimataifa. Waziri wake, Mheshimiwa Profesa Mbaruku Tindwa, alikuwa na mkono wa kulia uliotunzwa kuliko hospitali yoyote ya wilaya. Mkono huo ulikuwa na daktari wake, mkandaji wake na glovu ya hariri isiyovuliwa ila mbele ya mkataba. Wananchi aliwasalimia kwa mkono wa kushoto. Hawakukasirika, maana walikwisha kuelezwa redioni kwamba mkono wa kulia ni rasilimali ya taifa.

Na mkono ule ulifanya kazi. Ulisaini mkataba wa kulinda vyura na mkataba wa kuwalinda wanaolinda vyura. Ulisaini mkataba wa kukomesha mateso, wa haki ya kulala usingizi, wa matumizi mema ya mwezi. Ulisaini hata mkataba wa kuzuia meli kugonga milima ya barafu, ingawa Nderemo haikuwa na barafu hata ya kutia kwenye soda. Kila Waziri aliporudi, mizinga ilipigwa, watoto wa shule walipangwa juani, na kalamu iliyotia saini ilishuka kwanza kwenye ndege ikiwa juu ya mto wa mahameli. Waziri alifuata nyuma ya kalamu. Kisha siku ile ikatangazwa kuwa sikukuu ya taifa, mwaka huo na kila mwaka.

Jambo moja tu halikusemwa redioni. Katiba yenye jalada la ngozi ilisema kwamba mkataba uliosainiwa ng'ambo hauna nguvu nchini mpaka Bunge liutungie sheria. Na Bunge la Nderemo, kwa heshima ya taifa, halikutani siku ya sikukuu. Basi kadiri Waziri alivyosaini, ndivyo sikukuu zilivyoongezeka. Na kadiri sikukuu zilivyoongezeka, ndivyo Bunge lilivyokosa siku ya kukaa likaigeuza mikataba kuwa sheria. Kwa njia hiyo Nderemo ikawa nchi iliyoahidi mengi kuliko nchi zote na kutekeleza machache kuliko nchi zote, na ikapewa tuzo kwa hilo la kwanza.

Siwatu, msusi wa Mtaa wa Mferejini, hakuyajua hayo. Aliyajua nywele zilipoanza kubaki kwenye chanuo lake.

*

"Shoga, leo unanivuta kama unang'oa mihogo," Mama Chiku alilalamika, akiwa ameketi mkekani baina ya magoti ya Siwatu.

"Sijakuvuta. Nakuchana tu."

"Kuchana gani huko? Kichwa kinawaka moto!"

Siwatu akatazama kiganja chake. Fungu zima la nywele lilikuwa limelala mle, na mizizi yake, kama mchicha uliong'olewa. Akalifumbata haraka asije shoga yake akaliona. Lakini juma lile wateja wote walikuwa hivyo. Na nyumbani kwake, binti yake Kibibi, aliyekuwa bado hajaanza shule, alikwisha kubaki na kichwa kitupu, na ngozi ya mikono imeota mabaka, na kila alichokula alikitapika.

Chanzo hakikuwa siri. Juu ya Mtaa wa Mferejini kuna kilima kilichochimbwa kokoto mpaka kikabaki shimo. Katika shimo lile kampuni iitwayo Mazingira Rafiki ilipanga mapipa yenye vifuniko vya buluu, yaliyoletwa kwa meli kutoka nchi tajiri zisizokuwa na nafasi ya kuyaweka. Kila pipa liliandikwa MSAADA WA KIRAFIKI. Mvua iliponyesha, mapipa yalivuja ute wa kijani, na ute ule uliteremka taratibu mpaka kwenye kisima cha mtaa.

"Msinywe maji yale," daktari wa zahanati alimwambia Siwatu.

"Tunywe yapi, daktari?"

Daktari akageuka akatazama dirishani kwa muda. "Hilo, mama, si swali la kitabibu."

Siwatu alirudi nyumbani akiwaza. Akakumbuka kwamba mwaka ule aliokuwa na mimba ya Kibibi, mtaa mzima uliamriwa kwenda kupanga mstari barabarani kumlaki Waziri wa Saini. Tumbo lilikuwa limeshuka, miguu imevimba, jua la utosi, naye akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Kipaza sauti kilisema Nderemo imetia saini Mkataba wa Kuzuia Taka za Sumu, na kwamba kuanzia siku hiyo hakuna nchi itakayomwaga uchafu wake kwa jirani.

"Kumbe yamekatazwa!" Siwatu alimwambia Mama Chiku. "Tuliupigia vigelegele wenyewe. Naenda mahakamani."

*

Hakimu alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza. Alimsikiliza Siwatu mpaka mwisho, akamtazama Kibibi aliyelala begani kwa mama yake na kilemba kichwani, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama," alisema, "mahakama hii inaufahamu mkataba unaousema. Inauheshimu. Naweza hata kusema mahakama inaupenda. Lakini haiwezi kuutumia."

"Kwa nini, mheshimiwa?"

"Kwa sababu Bunge halijautungia sheria. Ng'ambo huko, nchi yetu imeahidi. Hapa nyumbani, hakuna aliyeahidi chochote. Mkataba huo nikikutana nao njiani nitausalimia, lakini siwezi kumfunga mtu kwa ajili yake."

"Kwa hiyo ahadi ile tulimwahidi nani?"

"Tuliwaahidi wageni."

"Na sumu tunakunywa sisi."

Karani alikohoa. Hakimu akasema, kwa upole uleule, kwamba maneno hayo hayataingizwa kwenye kumbukumbu, na kwamba mwenye shida na sheria isiyokuwepo aende Bungeni.

Siwatu akaenda Bungeni. Alikuta milango imefungwa kwa Sikukuu ya Mkataba wa Vyura, isipokuwa mlango wa ubavuni ulioandikwa Ukumbi wa Mikataba. Humo ndani kulikuwa na baridi tamu ya kiyoyozi. Mikataba yote ya Nderemo ilikuwa imelazwa katika masanduku ya vioo, kila mmoja na mto wake na shuka lake lenye darizi, na feni ndogo ya kuufukuzia vumbi. Mlinzi mwenye viatu vya sufi alimjia kwa kunyata.

"Polepole, mama. Usipumue juu ya kioo."

"Natafuta wa taka za sumu."

"Ule pale wenye shuka la kijani. Mzuri, eh? Waheshimiwa hupenda kupiga picha nao."

Siwatu akautazama mkataba. Karatasi zake zilikuwa safi kuliko kitanda chochote alichopata kulalia. Akamgeukia mlinzi.

"Bunge linakaa lini, baba?"

Mlinzi akamwonyesha kalenda ukutani. Ilikuwa nyekundu tupu, mwezi baada ya mwezi. Akapitisha kidole mpaka akafika kwenye kijisanduku kimoja cheupe.

"Hii hapa. Zamani ilikuwa Sikukuu ya Mkataba wa Uchaguzi Huru. Ule tumejitoa, kwa hiyo siku imebaki wazi."

*

Sasa, ni lazima nieleze jambo moja kuhusu vichwa vya wabunge wa kike wa Nderemo. Kwa kuwa Bunge hukaa kwa nadra, siku linapokaa televisheni huonyesha kikao chote, na hakuna mbunge anayekubali kuonekana na nywele za jana. Na pamoja na umaskini wote wa Mtaa wa Mferejini, hapakuwa na mikono katika mji mzima iliyosuka kama ya Siwatu.

Kwa hiyo asubuhi ya ile siku nyeupe, Mheshimiwa Tunu Kilindo, Mbunge wa Viti Maalumu, alifika na gari lenye vioo vyeusi. Alikuja na maji yake ya chupa, hata ya kulowanishia nywele.

"Fanya haraka, bibie," alisema huku akiketi. "Leo nitauliza swali la nyongeza. Kamera itanikaribia."

Siwatu akasuka. Alisuka upande wa kulia, mistari myembamba iliyopinda kuelekea kisogoni kama njia za siafu, kazi safi kuliko zote alizopata kufanya. Alipofika katikati ya utosi, akaweka chanuo chini, akafuta mikono kwa khanga.

"Nimemaliza."

Mheshimiwa akanyanyua kioo. Upande wa kulia alikuwa malkia. Upande wa kushoto alikuwa mtu aliyekurupushwa na nyuki.

"Umemaliza nini? Una wazimu?"

"Nimemaliza ahadi, mheshimiwa. Kuisuka nusu ndivyo mnavyofanya nyinyi. Mnasaini ng'ambo, huku nyumbani mnaacha."

"Siwatu, nina kikao!"

"Nami nina mtoto." Akamwita Kibibi, akamvua kilemba. Mheshimiwa Tunu akatazama kile kichwa kidogo chenye mabaka, kisha akatazama pembeni, akaifumbata chupa yake ya maji kana kwamba mtu angeipora. "Upande wa pili nitausuka mswada wa taka za sumu ukishapita. Nitakungojea hukohuko Bungeni na chanuo langu."

"Nitatafuta msusi mwingine mimi!"

"Mtafute. Leo ndiyo siku moja ya kikao katika mwaka. Wasusi wote wana waheshimiwa magotini."

Mheshimiwa akasonya, akainuka, akaketi tena, akajitazama kiooni mara nyingine. Kisha akatoa simu na kumpigia Katibu wa Bunge.

*

Siwatu aliufuatilia mjadala akiwa kwenye viti vya wageni. Mheshimiwa Tunu alisimama, na upande wa kushoto wa kichwa chake ameuficha kwa faili. Aliwasilisha mswada kwa ufupi na kwa ukali uliowashangaza wenzake.

Mbunge wa kwanza alisimama kumshukuru Mungu, kumshukuru Spika, kumshukuru Waziri, na kuishukuru familia yake kwa uvumilivu, kisha muda wake ukaisha. Wa pili aliunga mkono hoja asilimia mia kwa mia, akauliza hoja yenyewe ni ipi. Wa tatu alisema neno sumu linaogofya wawekezaji, akapendekeza liandikwe "bidhaa zenye changamoto." Pendekezo likapigiwa meza. Wa nne alitaka kujua kama wananchi wa kawaida wana uwezo wa kielimu wa kudhurika na kemikali za kisasa.

Mwishowe akasimama Waziri wa Saini, glovu mkononi.

"Mheshimiwa Spika, huu ni mswada mzuri. Mimi mwenyewe ndiye niliyeusaini mkataba wake, na nakumbuka ulikuwa ukumbi wenye zulia zito sana. Naomba kuongeza kifungu kidogo tu mwishoni. Ni cha kawaida. Hata kusomwa hakihitaji kusomwa."

"Hakihitaji!" ukumbi ukaitikia.

"Wanaoafiki waseme ndiyo," alisema Spika.

"Ndiyooo!"

"Wasioafiki?"

Mbunge mmoja aliyekuwa amesinzia akazinduka na kusema "Ndiyo" kwa mara ya pili, na Spika akaagiza iandikwe kwamba umoja wa wabunge ulizidi idadi yao.

Siwatu alilia. Alimsuka Mheshimiwa upande wa pili palepale kwenye ngazi za Bunge, machozi yakimdondoka kwenye mistari, na jioni ile Mtaa wa Mferejini ulicheza ngoma. Kesho yake ikawa Sikukuu ya Sheria ya Bidhaa Zenye Changamoto.

Alipopanda kilimani na nakala ya sheria mkononi, mlinzi wa Mazingira Rafiki hakumfukuza. Alimvutia kiti.

"Hongera, dada. Nimeisikia redioni. Lakini hebu soma hapa mwisho."

Pale mwisho palikuwa pameandikwa: Sheria hii itaanza kutumika siku ambayo Waziri ataitangaza.

"Ametangaza?" aliuliza Siwatu.

Mlinzi akaelekeza kidevu chini bandarini. Meli nyingine ilikuwa inatia nanga, na sitaha yake ni ya buluu kwa vifuniko.

*

Waziri wa Saini alimpokea kwa mkono wa kushoto na kumkaribisha kwenye kochi.

"Sheria ni kama mtoto mchanga, mama. Amezaliwa, tumshukuru Mungu. Sasa wewe unataka atembee leo leo?"

"Utaitangaza lini, mheshimiwa?"

"Wakati mwafaka ukifika."

"Ni upi huo?"

"Ni ule ambao si sasa."

"Mtoto wangu anatapika sasa."

"Pole sana. Watoto pia wana mkataba wao. Umeuona? Shuka lake lina picha za vipepeo." Akamsogelea, akashusha sauti kama anayemfanyia hisani. "Nikueleze kwa kuwa naona una akili. Meli imekwisha kuja. Nikiitangaza sheria leo, meli itakuwa imefanya kosa. Na wenye meli ndio walionialika kusaini mkataba ule. Ukumbi ulikuwa wao. Zulia lao. Kalamu yao. Mtu amekukirimu, kisha umwite mhalifu? Sisi Nderemo tuna utu."

Siwatu akainuka. Akatoka bila kuaga, na kwetu sisi tuliofunzwa adabu, msomaji, unajua mtu huwa amefika wapi mpaka atoke bila kuaga.

Nyumbani alimkuta Kibibi kitandani, midomo imemkauka. "Mama, maji," alisema mtoto. Siwatu akasimama na kikombe cha maji ya kisima mkononi, hakumpa, wala hakuyamwaga, maana hakuwa na mengine. Mama Chiku alimkuta hivyo.

"Shoga, lete mkokoteni wa mumeo," Siwatu alisema. "Na waambie wenzako walete ya waume zao."

"Tunahama?"

"Mapipa ndiyo yanayohama."

*

Siku waliyokwenda ilikuwa sikukuu, mlinzi wa shimo akiwa mapumzikoni, na Bunge lilikuwa limejaa pomoni. Usishangae. Kikao hakifanyiki siku ya sikukuu, lakini tafrija hufanyika, na waheshimiwa ni watu wa kuhudhuria. Walikuwa bustanini chini ya mahema, wakisherehekea Mkataba wa Mwezi.

Wanawake wa Mferejini walifika langoni na mikokoteni yao, nyuso wamezifunga kwa khanga. Siwatu alikwisha kujiandaa kupigwa. Lakini askari wa zamu alisoma maandishi kwenye pipa la kwanza, akabana visigino, akapiga saluti. Kwa muda wote aliolinda lango lile, hakuwa amepata kuona kitu kilichoandikwa MSAADA kikizuiwa kuingia.

"Yapelekwe wapi, mama?" aliuliza.

"Karibu na waheshimiwa."

Wakayapanga mapipa kandokando ya tangi la maji ya chai. Moja lilikuwa na ufa. Ute wa kijani ukachungulia, ukatambaa kwenye nyasi, ukaelekea kwenye mahema, na harufu ikatangulia mbele yake.

Sijapata kusikia chombo cha dola kikifanya kazi kwa kasi kama ile. Spika aliipanda meza ya keki. Mbunge aliyekuwa ameuliza kuhusu uwezo wa kielimu wa kudhurika alidhurika mara moja, akatapika kwenye kofia ya jirani yake. "Sumu!" walipiga kelele, na hakuna hata mmoja aliyesema bidhaa zenye changamoto. "Kuna sheria! Si tulipitisha sheria?"

"Haijaanza!" alilia Spika. "Mbaruku! Ianzishe!"

Waziri akang'oa glovu kwa meno. Palikosekana meza iliyo salama, kwa hiyo Mheshimiwa Tunu akainama, na tangazo likaandikwa na kusainiwa mgongoni mwake, huku yeye akikinga mistari yake isichafuliwe wino. Spika akalisoma kwa kipaza sauti akiwa palepale juu ya keki:

"Sheria inaanza kutumika mara moja, katika eneo lote lililo ndani ya uzio wa Bunge."

"Na nje ya uzio?" aliuliza Siwatu. Alikuwa amesimama katikati ya bustani, na kila mtu alimsikia.

"Nje ya uzio," Waziri alijibu huku akirudisha glovu, "mchakato unaendelea."

Lori la jeshi likaletwa. Askari wenye vinyago vya hewa, mavazi ya mpira na mabuti mpaka mapajani, walibeba mapipa kama mayai, wakayafunga kamba, na chini ya ulinzi wa pikipiki wakayarudisha shimoni juu ya Mtaa wa Mferejini. Bustani ikaoshwa kwa sabuni. Kisha Siwatu akakamatwa, kwa kosa la kuingiza taka za sumu katika eneo ambalo sheria inakataza.

*

Hakimu hakuwa na shida tena. Sheria alikuwa nayo mezani. Aliisoma kwa sauti kutoka mwanzo, kila kifungu, na ukumbi uliojaa watu wa Mferejini ulisikiliza: kwamba kila mtu ana haki ya maji yasiyo na sumu, kwamba afya ya mtoto hutangulia faida ya mfanyabiashara, kwamba yeyote atakayeleta taka hizo mahali walipo watu atafungwa.

"Una la kusema kabla sijatoa hukumu?" aliuliza.

"Nashukuru, mheshimiwa," alisema Siwatu. "Nilidhani hamjui kuisoma."

"Utafungwa mwaka mmoja."

"Na mtoto?"

"Mtoto mgonjwa asiye na mlezi mwingine huandamana na mama yake. Hiyo nayo ni sheria."

Siwatu akamweka Kibibi sawa begani. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia njia, "Gerezani maji yanatoka wapi?"

Hakimu akamtazama askari magereza.

"Bomba la mjini, mheshimiwa," askari alijibu. "Ni lilelile la Ikulu. Gereza lipo njiani."

Watu wa Mferejini wakatazamana. Kisha Mama Chiku akasimama, akafunga khanga vizuri kiunoni.

"Mimi ndiye niliyesukuma pipa lenye ufa."

"Mama, keti."

"Sikai. Nina watoto wadogo, na wote hawana mlezi mwingine. Baba yao mwenyewe yuko pale nyuma, naye alishika tairi."

"Nilishika," baba wa watoto akakiri kwa fahari.

"Mimi niliwapikia uji wasukumaji!" mwingine akadakia.

"Mimi nilitoa khanga za kufungia nyuso!"

"Mimi nilikuwa naumwa, mheshimiwa, lakini niliwaombea dua wafike salama. Je, dua inahesabika?"

"Tafadhalini!" Hakimu aligonga meza. "Mahakama haiwezi kufunga mtaa mzima!"

"Kwa nini isiweze?" aliuliza Siwatu. "Si umesoma mwenyewe? Sheria inasema yeyote."

Hakimu akainamia karatasi, akatafuta kwa kidole. Ilisema yeyote. Akavua miwani, akaifuta, na hakuivaa tena mpaka alipomaliza kuwahukumu.

Muda si mrefu Waziri wa Saini alisafiri kwenda kutoa taarifa ya utekelezaji. Aliwaambia mabalozi kwamba Nderemo, nchi ndogo, imewafunga wakiukaji wengi wa mkataba ule kuliko nchi nyingine zote zikijumlishwa. Mabalozi walisimama kumpigia makofi. Akapewa kalamu nyingine.

Gerezani, Kibibi alipewa kikombe kilichojazwa bombani. Alikunywa, akasita, akachungulia ndani.

"Mama, haya hayana ladha."

"Ndivyo maji yalivyo, mwanangu. Kunywa."

Mtoto akanywa mpaka chini, akashusha pumzi, akaomba mengine. Alikunywa hayo pia, na hayakurudi. Juma baada ya juma mabaka yakaanza kufifia, na siku moja Siwatu alipompitishia kiganja utosini, akahisi kitu kikimkwaruza, kifupi na kikavu kama ndevu za juzi. Zilikuwa nywele. Akamketisha mtoto, akaegemea ukuta, akaanza kuhesabu miezi iliyobaki. Ilikuwa michache mno.

Akamwita askari wa kike aliyekuwa zamu.

"Samahani, dada. Mfungwa akifanya kosa humu ndani, huongezewa kifungo?"

"Huongezewa, ndiyo. Kwa nini?"

"Lipi ni la haraka kuliko yote?"

Askari akafikiri. Alikuwa mtu wa huruma, na dada yake mwenyewe alikuwa anaishi upande wa chini wa kilima. "Kumtukana mheshimiwa," alisema. "Kila mheshimiwa anahesabiwa peke yake."

Siwatu akamkabidhi Kibibi kikombe amshikie, akasimama, akafunga khanga kiunoni. Akaanza na Waziri wa Saini, mkono wa kulia kwanza. Kengele ya chakula cha jioni ilipolia, alikuwa bado hajamfikia Spika, na Mama Chiku alikuwa amesimama nyuma yake, akingoja zamu.